Dar, Masama, Voi, Mombasa, Tanga: safari na mama na vidonge vyake vya presha

Tumerudi wiki iliyopita na simu yangu imejaa picha, nusu ni za milima na barabara, nusu ni za vioo vya mashine za presha, maana kila tulipolala mama alipimwa na mi nikawa napiga picha zile namba. Nimekaa na hizo picha pamoja na daftari nilimokuwa naandika nauli nikaunganisha, ndo hii. Naandika kwa sababu wengi tunasafiri na wazazi wenye presha na hamna anayetuambia kwamba ukitoka mkoa mmoja kwenda mwingine matibabu nayo yanabadilika, na ukivuka mpaka ndo kabisa, dawa inakuwa nyingine na mlipaji anakuwa mwingine.

Mama ni mwalimu, amestaafu mwaka juzi. Anameza vidonge vya aina tatu kila asubuhi: amlodipini, losartani, na ile ya kukojoa, haidroklorotiazidi. Ana bima ya NHIF na kliniki yake ni kila mwezi hapa Dar. Safari ilikuwa kumwona babu Masama, wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, alafu kuvuka kwenda Mombasa kwa dada aliyejifungua, alafu kurudi kwa njia ya Tanga. Tarehe ya kliniki ikawa inaangukia tukiwa Mombasa. Hospitali anakotibiwa tukaomba wampe dawa za mwezi unaofuata mapema, wakasema mfumo wa bima haufunguki kabla ya tarehe. Tukazungushwa madirisha mawili, jibu likawa lilelile. Tukaondoka na zilizobaki.

Kwa anayejipanga: anzeni kuulizia hilo wiki mbili tatu kabla, na muombe daktari aandike majina halisi ya dawa na miligramu zake kwenye karatasi yenye mhuri. Jina la boksi halitawasaidia ng'ambo ya mpaka.

Jumamosi, Mbezi hadi Kwa Sadala

Basi la saa 12 asubuhi, likaondoka saa 12 na dakika arobaini. Nauli elfu 40 kila mmoja, lina AC. Kabla hatujafika hata Kibaha nikaona mama kafungua kiboksi chake kameza viwili, cha tatu kakirudisha. Nikamuuliza, akasema "mwanangu, hili basi husimama dereva akitaka, mimi nitajisitiri wapi?"

Bibi aliyekaa siti ya mbele yetu, anashukia Same, akageuka akasema yeye siku ya safari hazigusi zote, na tangu jana jioni hajanywa maji. Zikaanza stori, dada mmoja wa upande wa pili akasema mama yake aliyekaa naye ndo hivohivo, na mzee mwingine nyuma akasema yeye huacha tangu siku mbili kabla ili mwili uzoee. Yaani kwenye basi moja tulikuwa na watu wanne wenye presha na hakuna hata mmoja aliyemeza dozi kamili asubuhi ile, na sababu ni choo. Gari zetu zinasimama porini watu wachimbe dawa, wanaume wanamaliza dakika mbili, sasa mama wa miaka sitini na gauni lake na magoti yanamuuma anafanyaje kwenye mteremko wa lami? Hili jambo linaniuma kwa kweli.

Konda alisikia. Kijana mdogo tu, lakini alipofika Mombo akamwambia dereva aingize gari kwenye kituo cha mafuta chenye vyoo visafi, akamshika bibi mkono akamshusha, akamsubiri mlangoni mpaka akatoka. Abiria wawili walinung'unika, akawajibu "huyu ni mama yetu" basi wakanyamaza. Bibi akanywa chupa nzima ya maji pale pale.

Chakula tulikuwa tumekula Korogwe, dakika ishirini, wali kuku elfu 8, chipsi zimemwagiwa chumvi kabla hujasema kitu. Mama alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi zake. Baada ya hapo ni mkonge, milima ya Usambara na Pare upande wa kulia, na matochi ya trafiki. Tukashuka Kwa Sadala saa 11 na nusu jioni, hiace ya kupanda Masama elfu 2.

Kuhusu ile dawa ya kukojoa, daktari wa Dar aliniambia tuliporudi kwamba siku ya basi mama anaweza kuisogeza mpaka atakapofika, lakini zile nyingine asiziache. Hiyo ni kwa mama yangu. Mwulize wa kwako, maana wengine wanatumia kwa ajili ya moyo na hesabu yao siyo hiyo.

Jumapili na Jumatatu, Masama

Babu ana miaka 86 na bado anapalilia migomba. Jumapili ilikuwa kanisa, mtori, ndugu, baridi kali, sina cha kuongeza.

Jumatatu tukampeleka zahanati. Babu ana presha siku nyingi ila anasema "nikisikia kichwa kinagonga ndiyo nameza." Mama akamwambia "baba, hiyo haiumi, inakaa kimya." Akamjibu kwamba kitu kisichouma hakiitwi ugonjwa. Nilitaka kubishana ila mama akanikanyaga mguu.

Yule muuguzi wa zahanati sijawahi kuona mtu anapima hivi. Alimkalisha babu kwenye kiti chenye mgongo, akamwambia miguu yote chini usikunje nne, akamvua sweta na mkono wa shati (wengi wanabana juu ya nguo), akaweka kitabu juu ya meza ili mkono ukae usawa wa moyo, alafu akatwambia wote tunyamaze. Dakika tano. Mama akaanza kunong'ona kitu akainuliwa kidole. Ndo akapima: 182 kwa 94. Akasubiri kidogo akapima tena, 174 kwa 92, akaandika zote mbili kwenye daftari la babu kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kulipa hakulipi, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bure kwa sera ya serikali na babu ana kitambulisho chake. Shida ni kabati. Dawa ya presha iliyokuwepo siku hiyo ni aina moja tu, ya kukojoa, amlodipini ilikuwa imeisha. Mwongozo wa matibabu wa Tanzania umepanga dawa kwa herufi kufuata ngazi ya kituo, A ni zahanati, B kituo cha afya, inapanda C na D mpaka S ya hospitali za rufaa za kibingwa. Kwa hiyo hata mgao ukija vizuri, mzee wa zahanati na mzee wa Muhimbili kabati zao hazifanani. Muuguzi akasema twende duka la dawa Boma Ng'ombe. Nauli ya kwenda na kurudi ilikaribia bei ya dawa yenyewe, na huyo ni mtu wa matibabu ya bure.

Nikisema Dar na Hai naomba mnielewe, hizi ni sehemu mbili ambazo presha yake imepimwa na watafiti muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala na kijiji cha Shari huku Hai, ukakuta watu wazima wenye presha ni kama watatu katika kila kumi, pande zote mbili. Watu huwa wanasema ni ugonjwa wa mjini. Na kati ya waliokuwa nayo, waliojua hawakufika 20 kwa mia, waliokuwa kwenye dawa ni kama 10, na ambao presha imetulia chini ya 140 kwa 90 hata 1 kwa mia hawakufika. Kiharusi ndo kikatofautiana: utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta Hai wanaopata kiharusi kwa mwaka ni kama 109 kwa kila watu laki moja, Dar ni kama 316, wakishasawazisha umri. Karibu mara tatu. Ni zamani kidogo lakini nilipomwangalia babu na lile daftari lake nilielewa kwamba hizo namba zilitoka kwenye benchi kama lile.

Usiku binamu aliyeko Houston akapiga video. Ana miaka 44, daktari wake kamwambia ana presha kwa 134 kwa 86. Mama akashangaa, yeye hiyo akiipata kliniki wanampongeza! Ni kweli, Marekani tangu 2017 wanahesabu presha kuanzia 130 kwa 80, sisi huku bado ni 140 kwa 90. Mwili uleule, ndege ndo inaamua kama wewe ni mgonjwa.

Jumanne, Holili, Taveta, Voi

Hiace mpaka Moshi, nyingine mpaka Himo, boda mpaka Holili. Mpaka wenyewe ni jengo moja la pamoja, unagonga mihuri yote ndani, nusu saa tumemaliza. Wakaulizia kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano), muwe nayo. Badilisheni hela kidogo tu pale, wale wa nje wanakata sana.

Taveta mpaka Voi matatu shilingi 500 za Kenya, lami nzuri, inapita ndani ya Tsavo Magharibi na tuliona tembo wekundu wa vumbi karibu na barabara, gari ikapunguza mwendo mama akatoa salamu.

Voi tulilala gesti ya 1,500. Mama alikuwa anasema shingo nzito. Mwenye gesti, mama wa Kitaita, akasema ngojeni, akampigia jirani yake. Baada ya robo saa akaja dada mmoja na begi mgongoni, mhudumu wa afya ya jamii. Kumbe Kenya mwaka 2023 walizindua hawa wahudumu kama laki moja nchi nzima, wakapewa mabegi yenye mashine ya presha na ya sukari, wanatembea nyumba kwa nyumba. Akamkalisha mama ukumbini, akapima: 164 kwa 96. Akauliza umekula nini, umelala lini, umemeza nini leo. Mama akasema ile ya kukojoa kaiacha tena, mara ya pili safari hii. Dada hakumgombeza, akasema "mama, sasa umefika na choo kiko hapo, meza ukiwa hapa, usiku utaamka mara moja mbili si neno." Akakataa hela, akanywa chai ya maziwa na chapati akaenda. Asubuhi saa 1 alikuwa mlangoni kabla ya kazi zake kuja kupima tena: 148 kwa 90.

Mi nasema wazi, hii ya mashine kumfuata mtu nyumbani ningeitaka Masama jana na siyo kesho. Na wa kwetu wa jamii wapo, wanajituma, wapewe tu na mashine.

Jumatano na siku za Mombasa

Voi mpaka Mombasa asubuhi, malori kuanzia Mariakani hadi Changamwe, saa mbili za kusogea. Feri ya Likoni kwa mguu ni bure, shikeni mikoba. Dada anakaa Likoni.

Mtoto mzuri, mashallah, ana masikio ya babu.

Mama mkwe wa dada alitupokea kwa mahamri na mbaazi, jioni viazi karai, samaki wa kukaanga, achari ya ndimu kwenye kila sahani. Mama aliambiwa apunguze chumvi lakini utakataaje mkono wa mwenyeji? Alichofanya, alisema kwa adabu "dada yangu, mimi mtu wa presha, nipakulie kabla hujatia achari", na yule bibi akashika kifua, "hata mimi!" Basi sufuria ikawa ya chumvi kidogo kwa wote na achari ikakaa pembeni ya anayetaka. Yeye dawa zake analetewa na mwanawe kutoka Maskati, miezi mitatu kwa mpigo, boksi zimeandikwa Kiarabu, na jirani zake wawili wanamwomba vidonge vikiwaishia. Wanagawana kwa upendo kabisa. Mama akamwambia kwa upole kwamba dawa ya figo zake inaweza isiwe ya figo za jirani.

Ijumaa losartani ikaisha. Bima ya Tanzania haivuki Lunga Lunga, na SHA yao (ilichukua nafasi ya NHIF ya Kenya Oktoba 2024) ni ya aliyejiandikisha. Dada yeye kwenye zahanati na kituo cha afya, wanaita levo 2 na levo 3, hatoi kitu, sisi tukawa watu wa kulipa. Kliniki ya kwanza, siitaji jina, hawakutaka hata kuiona karatasi yetu, wakampa enalaprili kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo, wakamwambia ni zilezile. Shilingi 900 pamoja na kumwona daktari.

Usiku wa pili mama akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kinachokuna koo, hamna mafua wala homa. Mama mkwe akampikia mchaichai na asali. Usiku wa nne hajalala, kakaa kitandani anashika ubavu. Kusema kweli niliogopa.

Asubuhi dada akatupeleka kwa kemisti wake, mfamasia mwanamke, wa makamo, anaongea taratibu. Akasoma karatasi, akasoma boksi, akauliza "kikohozi kimeanza lini?" kabla hatujakitaja. Akatuelekeza kwa daktari jirani yake na akampigia simu kabisa atungojee. Daktari akaeleza vizuri: hizo dawa zinazoishia na "prili" zinaleta kikohozi kwa baadhi ya watu, na watu weusi wanaweza kupata zaidi pia ile ya midomo na ulimi kuvimba, ambayo ni ya kukimbizwa hospitali. Losartani inafanya kazi inayokaribiana na hiyo lakini kikohozi ni nadra. Akasema pia kuna utafiti ulitoka 2019, ulifanyika nchi sita za Afrika ikiwemo Kenya na Uganda, watu 728, ulionyesha kwamba kwa watu wetu mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake unashusha presha vizuri kuliko ule wa "prili" na ya kukojoa peke yake. Kwa hiyo asiiache amlodipini hata iweje. Akamrudishia losartani, safari hii ikiwa kidonge kimoja chenye losartani na ya kukojoa ndani, vidonge vya kila siku vikawa viwili badala ya vitatu. Hela ya kumwona alikataa, "nyie wageni", tukalipia dawa tu, 1,400 za mwezi mzima. Kikohozi kilichukua zaidi ya wiki kuisha.

Kwa atakayepita: kwa kemisti ulizeni bei za makampuni tofauti ya dawa ileile, tuliona inazidi mara tatu. Na dawa ikibadilishwa, kabla ya kutoka mlangoni ulizeni nimebadilishiwa kwa nini.

Jumatano iliyofuata, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga

Basi la kwenda Tanga, elfu 20 za kwetu. Mpakani foleni ya saa mbili kwa sababu ya magari ya mahindi, kuna mama anauza mihogo ya nazi akampa mama kigoda chake akae kivulini, yeye akasimama.

Tanga tulifikia kwa rafiki yake mama, walisoma chuo cha ualimu pamoja. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kliniki ya presha na sukari, tukaenda naye. Wanafika saa 12 asubuhi na kadi zinapangwa mezani kwa kufuatana. Kabla ya kupimwa muuguzi anafundisha, siku hiyo ilikuwa chumvi, akashika dagaa wa kukausha na kipande cha ng'onda akauliza loweka au usiloweke? Wamama wakagombana vizuri sana. Mmoja akasimama akasema aliziacha dawa mwaka 2011 watu walipokwenda kunywa kikombe cha dawa kwa Babu wa Loliondo, akapooza upande, leo anatembea na fimbo. Hakuna aliyecheka wala kumlaumu. Wote pale wanajua mtu wa namna hiyo.

Rafiki yake mama anatumia amlodipini na atenololi, tangu zamani hajabadilishiwa. Mama wa Dar tatu, babu moja, bibi wa Likoni za Maskati, huyu mbili za namna nyingine, na ukiwauliza wote wanaumwa kitu kimoja.

Mama akapimwa pale, 138 kwa 86. Akapiga kigelegele kidogo.

Ijumaa, Tanga hadi Dar

Machungwa Muheza, mia 2 moja. Foleni Chalinze, foleni Kibaha. Tumefika usiku.

Jumatatu mama akaenda kliniki na karatasi zote za njiani. Daktari wake akazisoma moja moja, akamwachia kile kidonge cha pamoja, ila NHIF kwenye hospitali ile hawakuwa nacho mwezi huu kwa hiyo akapewa vile viwili vilivyotengana, kazi ni ileile. Mama kakubali.

Dawa za babu tulinunua hapa Dar, amlodipini ya miezi mitatu, baada ya yule muuguzi wa Masama kunithibitishia dozi kwa simu. Nimezituma kwa basi, kifurushi elfu 5, binamu amepokea stendi ya Moshi jana jioni akapanda nazo. Muuguzi kasema atampitia babu kila Jumatatu akitoka kazini kumpima, na mama anampigia babu kila asubuhi saa 1 mpaka amsikie anameza.